Nilizima maiki kabla hawajafika kwetu

Kazi yangu ni saundi. Spika nne, mixa ya chaneli kumi na sita ambayo tatu zilishakufa, jenereta, na pikap ya kukodi. Njoro, Molo, Elburgon, Nakuru mjini, harusi mpaka matanga, ukiwa na pesa ya fyuli na kitu kidogo juu yake nakuja. Nyimbo nimesikia za kila kabila na kila kanisa, na ukishafanya hii kazi miaka kumi unakuwa kama daktari wa meno, mtu akifungua mdomo wewe unaangalia tu kama kuna shida, hauskii anasema nini.

Sasa 2023, tarehe 9 Agosti, ile siku ya dunia ya jamii asilia, nikapata kazi huko juu msitu wa Mau Mashariki kwa Waogiek, wale watu wa msitu na asali. Uwanja mdogo, tope, hema mbili, moja ya wageni iko na viti vya kufunikwa kitambaa na ingine ya wananchi haina viti. Nilipewa karatasi ya programu nikaiweka chini ya mixa isipeperuke, na mpaka leo ninayo, imechafuka chai. Maombi, wageni kujitambulisha, burudani, hotuba, hotuba, hotuba, burudani, mgeni wa heshima, chakula. Ukisoma hiyo karatasi unaona kabisa wenye siku yao wamewekwa kwa burudani. Lakini hayo naona saa hii, siku hiyo niliona tu kwamba burudani ya kwanza ni dakika tano, poa, naweza kwenda kuangalia jenereta.

Wakaingia wamama wanane na wazee wawili. Wale wazee walikuwa wamevaa zile ngozi za perere, yule mnyama mdogo wa kulia usiku juu ya miti, ambaye mimi nikiwa mtoto nilikuwa nafikiria ni mtu ananyongwa. Mbele yao kogo mmoja, yaani nyanya, mfupi, sweta ya zambarau chini ya shuka, miguuni viatu vya plastiki vyeusi. Nikampelekea maiki mkononi akakataa. Nikaweka stendi mbele yake, akaisogeza pembeni kwa mkono pole pole venye unasogeza tawi ukipita njia ya msituni, wala hakunikasirikia. Basi nikaishusha ikakaa karibu na kifua chake upande, nikarudi kwa mixa.

Hakukuwa na ngoma wala keyboard wala mtu wa kuhesabu. Ni njuga tu za miguuni, na hizo hazipigwi sana, zinatikisika tu. Kogo anasema mstari, wenzake wanajibu, anasema mwingine, wanajibu vile vile. Jibu lilikuwa halibadiliki hata kidogo. Kwake pia mstari wote ulikuwa ule ule, kinachobadilika ni neno moja la mwisho, na kabla ya hilo neno alikuwa anapumzika kidogo, unaona macho yake yameenda mahali. Dakika tatu. Dakika sita. Mimi kichwani nasema huu wimbo umekwama kama sidii imekwaruzwa. Dakika tisa, emsii anaanza kuangalia saa yake kwa nguvu ili watu wamuone anaangalia saa. Dakika ya kumi na moja gari tatu nyeupe zikaonekana zinakata kona huko chini, mheshimiwa amefika mapema, kitu ambacho hakijawahi kutokea Kenya, na emsii akanigeukia akapitisha mkono shingoni.

Nikashusha volyumu. Kidole kimoja, sekunde moja. Ni kitu nafanya mara mia kwa mwezi, pasta akizidisha, mlevi akishika maiki kwa harusi, na sijawahi kufikiria mara mbili.

Kitu niligundua ni kwamba hawakunyamaza. Spika ilikufa lakini wao waliendelea, na kwa kama nusu dakika hivi sauti ilikuwa inakuja moja kwa moja kutoka kwao, ndogo, na upepo, na wale wa hema ya nyuma wakasogea mbele ndio wasikie. Halafu emsii akapiga kelele kwa maiki yake, makofi kwa wamama wetu, makofi tafadhali, na makofi ya watu walioambiwa wapige makofi yanazima kitu chochote. Kogo alimaliza mstari aliokuwa ameanza. Akaangalia spika, akafuata kebo kwa macho mpaka kwa mixa, mpaka kwangu. Wakatoka kwa mstari venye waliingia.

Hotuba sikuzisikiliza, ile kawaida yangu. Kuna mtu aliongea kuhusu Arusha na mahakama, mimi nilikuwa nabadilisha fyuzi.

Jioni nikikunja kebo, kijana mmoja akaja kunisaidia bila kuitwa. Anakunja vizuri, duara kubwa, haviringi kwa kiwiko, nikajua huyu ameshafanya kazi. Tukapiga stori ya mpira. Halafu akaniuliza taratibu tu, ni wewe ulizima? Nikamwambia emsii aliniambia. Akasema sawa. Akakunja ingine. Akasema, mlizima tukiwa tumevuka Kiptunga.

Nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Kumbe huo wimbo unatembea. Yule kogo ni nyanya yake, aliufundishwa na mama yake, na kile kineno cha mwisho kilichokuwa kinabadilika ni mahali. Mlima, kijito, bonde, na ni mizinga ya ukoo gani ilikuwa inatundikwa hapo. Unaanza chini kwenye joto, unapanda pole pole venye maua yanapanda, kwa sababu Waogiek zamani kila ukoo ulikuwa na kipande chake kirefu kinachotoka chini mpaka juu, asali ikiisha huku unapanda kule ambako miti inaanza kutoa maua. Kwa hivyo nilichoita sidii kukwama ni mtu alikuwa anapanda mlima. Akanihesabia kwa vidole mahali walikuwa wamebakisha. Ya nne akasema jina silijui, halafu akaeleza, ni pale kijito kinapita juu ya jiwe bapa, jiwe refu kama meza, wazee walikuwa wanaoshea hapo vyombo vya asali, kulikuwa na mitarakwa mikubwa mitatu.

Hilo jiwe mimi nimeoshea soksi za shule miaka minane.

Sisi tunaita hapo kwa Pasta. Ni kwa sababu kulikuwa na pasta alikuwa na pampu ya maji. Pasta alihama 2008, pampu iliibiwa, jina likabaki, na mimi nikikuambia kwetu ni wapi nakuambia kwa Pasta. Nilinyamaza na huyo kijana nikajifanya natafuta taa ya kufunga pikap.

Wacha nieleze sisi tulifikaje. Kabila langu halina maana hapa, ukiangalia jina langu la pili utajua mwenyewe, na ukishajua utaanza kusoma kwa macho mengine kwa hivyo wacha tu. Baba alinunua hiyo shamba 1997, ekari tano, kwa mtu aliyekuwa na karatasi, mbele ya wazee wanne na kalamu moja. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka ukungu, na baridi ya kufanya masikio yaume, na miti. Miti ilikuwa mingi mpaka hauoni jirani. Baba na vijana wa kuandikwa wakaanza kuangusha, mbao tukajengea, ingine tukachoma makaa, na kwa mti mmoja mkubwa ukianguka kukatoka kitu kama kipande cha gogo kilichotobolewa katikati, kimefunikwa pande zote mbili, na kwa upande kimechongwa mistari mitatu. Mzinga. Ulikuwa mkavu, hauna nyuki, harufu tu. Mama akauweka nyuma ya jikoni, akaweka nyasi ndani, na kuku mwekundu akaanza kutagia humo. Tulikula mayai ya huo mzinga mpaka nikaingia sekondari. Ile mistari mitatu nilikuwa naipitisha kidole nikitafuta mayai gizani, na hata siku moja sikuwahi kuuliza imechongwa na nani.

Na shuleni tulikuwa na watoto wao wawili watatu. Tulikuwa tunawaita Ndorobo. Neno lenyewe ni la Wamaasai, kwao lilikuwa la kuita mtu asiye na ng'ombe, maskini, wazungu wakaliokota wakaandika kwa vitabu vyao vya serikali kama kabila. Lakini sisi tunaoongea Kiswahili ndio tulimalizia, kwa sababu kwa Kiswahili ndorobo ni yule nzi wa kuleta malale, kwa hivyo mtoto akipita unapiga makofi hewani kama unaua nzi na darasa zima linaanguka. Nilifanya hivyo. Nilikuwa hodari sana kwa hilo.

Hiyo usiku baada ya kazi sikulala, nikakaa na simu kwa pikap nikasoma. Nilikuwa najua kuna kesi, kila mtu wa Mau anajua kuna kesi, lakini tunajua kama vile unajua jirani ni mgonjwa. Nikasoma kwamba kuanzia 1932 mpaka 1934 mkoloni aliweka tume ya ardhi, na tume ikapendekeza hawa watu waingizwe tu ndani ya makabila ya jirani, yaani wasiwe na kipande chao. Nikasoma kwamba 2001 ndio zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zilitolewa rasmi kwenye msitu. Nikarudi kusoma hiyo tena. 2001. Baba alinunua 1997. Alinunua shamba miaka minne kabla ya serikali yenyewe kusema hapo sio msitu, na stori iliyokuwa inasemwa wakati huo ni kwamba wanaopewa ardhi ni Waogiek, na sisi wote tuliokuja na malori tukawa majirani wa watu ambao ardhi ilikatwa kwa jina lao.

Oktoba 2009 wakapewa notisi ya siku thelathini watoke msituni. Ndio kesi ikaenda kwa tume ya Afrika ya haki za binadamu, halafu 2012 ikafika kwa mahakama ya Afrika kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema Waogiek ni jamii asilia, Mau ni yao ya mababu, na serikali ya Kenya imevunja vifungu saba vya mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Hiyo sehemu ningeisoma nikalala. Lakini serikali ilikuwa imejitetea kwamba ilikuwa inalinda msitu, na mahakama ikajibu kwamba hakuna ushahidi Waogiek ndio waliumaliza, msitu umeisha kwa sababu ya serikali yenyewe kukata ardhi na kwa sababu ya makundi mengine kuingia.

Makundi mengine. Unajua vile unasoma kitu cha watu wengine halafu ghafla unakuta umetajwa? Sisi ndio makundi mengine. Baba na panga lake, mama na kuku wake.

Halafu tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikarudi na hesabu ya fidia, shilingi milioni 57.85 za hasara ya mali na milioni 100 za maumivu, ziingie kwa mfuko wa maendeleo wa jamii, na juu yake ardhi irudishwe, ipimwe, iandikwe hati ya pamoja. Sensa ya 2019 ilihesabu Waogiek 52,596. Mimi ni mtu wa biashara ndogo kwa hivyo nikapiga hesabu kwa simu, inakuja kama elfu tatu kila kichwa. Elfu tatu. Mimi nalipisha zaidi ya hiyo kwa spika mbili bila jenereta.

Na hili neno kutambuliwa, sisi Wakenya tumelizoea kwa maana ya rahisi. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale 2016 mpaka wakaitwa kabila la 43, na hiyo 2023 yenyewe, wiki chache tu kabla ya hiyo sherehe, Wapemba wa Kilifi na Kwale wakatangazwa ni Wakenya, na nilifurahi kabisa, mtu kuishi bila kitambulisho hawezi hata kusajili laini ya simu. Lakini ile ni serikali kukupa kitu ambacho haimnyang'anyi mtu. Kadi inachapishwa tu. Hii ya Waogiek ukiwatambua vizuri, yaani sio kwa makofi, kuna mtu anatakiwa asimame kutoka mahali amekaa. Katiba ya 2010 kifungu cha 63 kinasema kabisa ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Imeandikwa. Ni rahisi kuandika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepigia kura hiyo katiba, na nilipiga kura nikitokea kwa Pasta.

Nilikaa wiki tatu nikijiambia si kitu, ni wimbo tu. Lakini nikiwa kazini, kila nikishusha volyumu ya mtu nilikuwa naona ile sweta ya zambarau. Nikampigia yule kijana, nikamwambia nataka kuja kurekodi huo wimbo wote, bila pesa, nakuja na maiki nzuri. Akasema atauliza. Siku mbili kimya, halafu akasema njoo, lakini nyanya amesema usije na spika.

Nilibeba sukari, majani, na unga pakiti mbili, sikujua ni nini kingine mtu anabeba. Nikamsalimia chamgei, akanijibu kwa Kiswahili, mzuri, na mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa heshima au alikuwa ananiambia kitu. Halafu akasema, wewe ndio ule wa kuzima. Nikasema ndio mimi kogo, nisamehe. Akasema keti.

Waliimba wakiwa wamekaa, wanne tu, nje ya nyumba, kuna jogoo mmoja msumbufu ambaye yuko kwa hiyo rekodi mwanzo mpaka mwisho. Dakika arobaini na moja. Hii mara nilisikiliza kama mtu na sio kama fundi, na kijana alikuwa ananinong'oneza majina, na nikagundua kitu, kuna mahali kogo alikuwa anasema neno lakini wenzake hawajibu, wananyamaza pumzi moja, halafu anaendelea. Nikauliza baadaye. Ni mahali ambako hakuna msitu tena. Ya kwanza nilifikiri wamesahau mstari. Nilianza kuhesabu hizo kimya nikaacha.

Kwetu tulifika dakika ya ishirini na mbili. Akasema jina. Wenzake wakanyamaza.

Tukinywa chai akaniuliza kwetu ni wapi. Ningeweza kusema Njoro, wengi husema hivyo, ni mbali na haiumizi mtu. Nikasema kwa Pasta. Kijana akamtafsiria, akaeleza na mikono lile jiwe, na kogo akaniangalia muda mrefu, hakukasirika, ilikuwa kama mtu anatafuta miwani. Akauliza, ile mitarakwa mitatu bado iko? Nikamwambia umebaki mmoja. Akauliza, upande gani? Nikasema upande wa juu. Akatingisha kichwa kama mtu aliyepata jibu la swali ambalo sikulisikia. Akasema mjomba wake alikuwa na mizinga hapo. Kuhusu kuku sikusema. Ilikuwa kwa ulimi kabisa, na sikusema.

Novemba hiyo hiyo kijana akanitumia ujumbe wa sauti, wenzao wa Sasimwani upande wa Narok wameanza kutolewa, nyumba zinabomolewa, na ni miaka sita baada ya Arusha. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wanaongea wote pamoja. Nilijibu pole. Sasa ungejibu nini, nilijibu pole.

Krismasi nikaenda nyumbani. Baba ana miaka sabini na moja, goti linamsumbua, hati yake anaiweka ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku, na kila uchaguzi ukikaribia na wanasiasa wakaanza kutaja Mau anaitoa anaisoma. Huyo sio mtu wa kuja kumfungulia kesi sebuleni. Alikatwa mkono kidogo na panga kwa hiyo shamba, amezika mke wake kwa hiyo shamba. Kwa hivyo sikueleza kitu, nilisema tu baba kuna wimbo nilirekodi nataka usikie, nikaweka simu juu ya meza.

Alisikiliza akimenya ndizi. Dakika kumi anauliza hawa ni wale wetu wa huko juu? Nikasema ndio. Nikaanza kumwambia majina, yale ninayojua, Kiptunga, Mariashoni, na akaacha kumenya. Tulipofika ya ishirini na mbili nikamwambia baba hapa ni hapa. Na ile kimya ikapita. Nje mbwa alikuwa anabweka.

Akasema, zima hiyo simu.

Nikazima. Ni baba yangu. Akamaliza ndizi, akaenda kufunga ng'ombe, akakaa huko muda mrefu kuliko ng'ombe wawili wanahitaji. Tukala, hatukuongea, tukaangalia habari. Mimi nikajua hiyo imeisha, nikaanza kutandika kochi nilale.

Alisimama kwa mlango wa chumba chake na taa ya mkononi, bila kunigeukia akauliza, kile kitu kilikuwa kimebakisha dakika ngapi?

Nikamwambia kumi na tisa.